Midoli imenishinda jamani, naomba ushauri

Hamjambo wapenzi, nina watoto wawili, wa miaka 3 na 6, chumba chao hapa Kisauni ni kidogo, kitanda cha dabo deka kishakula nusu, jana usiku nimekanyaga kigari nikapiga ukelele mpaka baba yao akaamka. Nilinunua kapu la ukili la kutilia midoli sokoni Marikiti, zuri wallahi, lakini mdogo akitaka kitu kimoja hulimwaga lote. Shelfu za ukutani mwenye nyumba hataki kusikia habari za misumari, na maboksi ya katoni kwa unyevu wetu huu wa pwani yaota ukungu. Sasa nafikiria beseni bapa za kusukuma mvunguni ama mifuko ya kutundika nyuma ya mlango, aliyejaribu vipi, yadumu? Na nikificha nusu niwe nawabadilishia kila wiki, watanililia?