Mjadala: Kesi za wanyonge enzi za kaburu, zilimbana au zilimpamba?

Mchokozi Mkuu

Mwaka 1983 profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Natal, Raymond Wacks, alitoa mhadhara akasema jaji wa Afrika Kusini mwenye dhamiri hana budi kuvua joho aende nyumbani, maana sheria yenyewe imeoza na hakuna tafsiri ya kuitakasa. Profesa mwenzake John Dugard wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand akamjibu: wakiondoka wenye huruma watabaki wa kaburu peke yao, na ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho hata mawakili na walimu wa sheria waondoke.

Mimi niko na Wacks, tena naongeza: na mawakili pia. Kila kesi ya "haki za wanyonge" iliyoshinda ilimpa kaburu cha kuonyesha nje, kwamba hata Mwafrika anashinda mahakamani.

Nani amesahau kesi ya Harris? Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ilibatilisha sheria ya kuwaondoa Machotara kwenye daftari la wapiga kura, kwa kuwa haikupita kwa theluthi mbili ya kura za Bunge kama katiba ilivyotaka. Serikali ikaunda "Mahakama Kuu ya Bunge" ili wabunge wawe juu ya majaji. Nayo ikabatilishwa. Basi 1955 wakaifanya Mahakama ya Rufani iketi na majaji 11 kwa kesi za aina hiyo, wakaongeza maseneta kutoka 48 hadi 89, wakapata theluthi mbili zao, na 1956 wapiga kura wakafutwa. Mahakama safari hii ikaafiki. Ushindi ulimfundisha tu mwandishi wa sheria wapi azibe.

Nipingeni kwa mifano, si kwa hisia.

Kifungu cha Kumi

Mkuu, umechagua kesi ya katiba na kura, ukaruka zile za kawaida ambazo ndizo zilizogusa sufuria za watu. Tuanze na kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini ya 1945, ndicho kilichoamua nani alale mjini na nani asombwe.

Kilisema hivi kwa ufupi: Mwafrika asikae mjini zaidi ya saa 72, isipokuwa (a) amezaliwa hapo na hajahama; (b) amefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au ameishi hapo kihalali miaka 15 mfululizo; (c) ni mke, binti asiyeolewa au mtoto wa kiume mdogo wa mtu wa (a) au (b), na anaishi naye; (d) ana kibali cha ofisi ya kazi. Na ukikamatwa, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kwenye mahakama za makamishna kesi ilikwisha kwa dakika chache, faini au jela, mtuhumiwa mara nyingi hana wakili.

Sasa tazama ujanja wa kaburu. Tangu 1968 mfanyakazi kutoka kwenye "nchi" za Bantu, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, hakuruhusiwa mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha anarudi kwao, anasajiliwa upya, mwajiri anamwita kwa kadi. Bodi za utawala, zilizosimamia Waafrika mijini, zikadai: kila mwaka ni mkataba mpya, kwa hiyo hakuna mtu atakayefikisha miaka 10 "mfululizo" hata akifia kwenye mashine.

Tom Rikhoto alikuwa mwendesha mashine Germiston, mwajiri mmoja tangu 1970. Kituo cha Legal Resources Centre, kilichoanzishwa 1979 na Arthur Chaskalson, Felicia Kentridge na wenzao, kikabeba kesi yake. Hoja haikuwa "ubaguzi ni mbaya". Ilikuwa: mwajiri na mwajiriwa wote walijua atarudi, nafasi yake ilimngoja, hivyo safari ya kwao ilikuwa likizo tu. Mei 1983 Mahakama ya Rufani ikakubali. Siku moja kabla ya hukumu wafanyakazi kwa maelfu ni wageni, siku moja baadaye wana haki ya kudumu mjini.

Mpambe wa kaburu hafanyi hivyo, mkuu.

Mchokozi Mkuu

Na Agosti 1983 ikawaje? Maliza hadithi, msomi.

Kifungu cha Kumi

Agosti Bunge likabadili sheria: aliyepata sifa za (b) kuanzia hapo asilete mke na watoto mpaka awe na nyumba ya kupanga au kununua iliyoidhinishwa. Na nyumba hazikuwepo, walikuwa wameziacha kujengwa kwa makusudi. Sikatai. Lakini angalia walichoshindwa kukigusa: haki ya Rikhoto mwenyewe na wenzake haikufutwa. Walichoweza ni kuitafuna pembeni.

Dirisha Namba 3

Naona mnabishana juu ya hukumu, wakati kesi zenyewe ziliamuliwa kwenye kaunta. Kwa wasiojua, kabla ya kufika kwa jaji kazi ilikwenda hivi.

Mtu anakuja ofisi ya ushauri, mara nyingi ya Black Sash, chama cha kina mama wa kizungu waliopinga ubaguzi. Anaweka mezani dompas, kile kitabu cha pasi alicholazimika Mwafrika kutembea nacho. Unaifungua ukurasa kwa ukurasa na kuandika kila muhuri kwa mpangilio wa tarehe: kuingia, kuajiriwa, kuachishwa, kuongezewa muda. Unatafuta pengo. Pengo la wiki tatu kati ya mihuri miwili linaua madai ya miaka 10, kwa hiyo lazima ujue lilikuwa likizo, ugonjwa au jela. Kisha barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza na sentensi kwamba nafasi iliwekwa. Waajiri wengine waliogopa kuandika, wengine walikuwa wamechoma majalada ya zamani. Halafu risiti za kodi ya nyumba au ya chumba, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto. Ndipo kiapo.

Kesi ya kufungua njia inahitaji mtu ambaye jalada lake halina doa hata moja, ili jaji asipate pa kutokea. Wenye madoa, nao ndio wengi, wanangoja mlangoni mwenzao ashinde.

Na hapa ndipo palipoharibikia mara nyingi: bodi ikiona kesi inaelekea pabaya, inampa mlalamikaji huyo mmoja muhuri wake kimyakimya. Hana tena madai, kesi imekufa, hakuna hukumu ya kumsaidia jirani. Dawa yake ilikuwa kuwa na walalamikaji kadhaa wenye hoja ileile, ukipewa muhuri mmoja unamsukuma wa pili.

Bi Mwanasheria wa Bara

Asante Dirisha. Niongeze kesi ya Komani, maana wengi huitaja Rikhoto wakamsahau mama huyu. Mume wake alikuwa na haki ya kukaa Cape Town, mkewe Nonceba akaja kuishi naye Gugulethu, mtaa wa Waafrika wa jiji hilo. Kifungu cha 10(1)(c) kilimruhusu waziwazi. Lakini kanuni za 1968 zilidai mkazi wa chumba awe na kibali cha mpangaji, na kibali hakitolewi. Mahakama ya Cape ikamkatalia. Agosti 1980 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni haiwezi kunyang'anya kilichotolewa na sheria mama.

Huo ndio ufundi wenyewe. Afrika Kusini haikuwa na hati ya haki za binadamu, na Bunge lilikuwa juu ya kila mtu. Ukiacha kasoro ya utaratibu kama ile ya Harris, jaji hakuweza kufuta sheria ya Bunge. Alichoweza: kupima kama waziri au karani amevuka mamlaka aliyopewa, kama mtu alisikilizwa, kama maneno yenye utata yasomwe upande wa uhuru. Basi wakili anatafuta mahali ambapo karani kazidisha chumvi kuliko Bunge lenyewe. Na urasimu wa kaburu ulipenda kuzidisha.

Kwa sisi wa Kenya tulioisoma historia ya kipande tangu 1920 hivi, cheti ndani ya kikopo cha bati shingoni, dompas haihitaji kutafsiriwa. Tofauti ni kwamba kule waliacha mwanya wa mahakama, na watu wakautia mguu.

Mchokozi Mkuu

Mwanya! Haya, tuongelee Magopa.

Kijiji cha Bakwena huko Transvaal ya magharibi, ardhi waliyoinunua wenyewe. Serikali ikaita "doa jeusi" katikati ya wazungu. 1983 shule na makanisa vikabomolewa, pampu za maji zikaondolewa, ili watu wachoke wenyewe. Wakaenda mahakamani Pretoria kuomba zuio, yaani amri ya kusimamisha uhamisho, wakanyimwa. Usiku wa kuamkia Februari 14, 1984, polisi wakakizunguka kijiji, watu wakapakiwa na vyombo vyao hadi Pachsdraai. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikasema: kuwahamisha huko kulikuwa kinyume cha sheria. Hongera! Nyumba zilikuwa vifusi, na serikali ilikuwa tayari imetwaa ardhi hiyo kwa amri nyingine.

Hukumu iliyofika zaidi ya mwaka mmoja baada ya tingatinga ni risiti ya nini?

Dirisha Namba 3

Magopa ni hoja yako bora kuliko Harris, nakubali. Palipoharibika ni hatua ya zuio. Ukinyimwa zuio la muda, ushindi wa rufaa unakuwa wa vitabuni, kwa sababu kijiji hakihifadhiwi kwenye jalada. Tangu hapo somo lilikuwa wazi: usingoje malori, nenda mahakamani siku karani anapoanza kuhesabu nyumba na kuandika namba milangoni.

Lakini usiitenganishe na Driefontein, kijiji kingine kilichopangiwa kuhamishwa. Kiongozi wao, Saul Mkhize, alipigwa risasi na polisi Aprili 1983, magazeti ya nje yakaandika, wanakijiji wakagoma kuhama, mawakili wakang'ang'ania. 1985 serikali ikatangaza hawatahamishwa. Kesi peke yake isingetosha. Kelele peke yake pia isingetosha.

Kifungu cha Kumi

Na kesi ya Govender, 1982. Mama wa Kihindi, Johannesburg, ametiwa hatiani kwa kuishi eneo la wazungu, chini ya sheria ya kugawa makazi kwa rangi. Mpaka hapo hakimu alikuwa anatoa hukumu na amri ya kufukuzwa kwa pumzi moja. Jaji Goldstone akasema: sheria inampa hakimu hiari, haimlazimishi, kwa hiyo kabla ya kumtoa mtu achunguze kama ana mahali pengine pa kwenda. Mahali hapakuwepo. Baada ya hapo kufukuza watu chini ya sheria ile kulikwama Johannesburg, na vitongoji vya katikati ya jiji vikaendelea kujaa. Bunge halikubadili neno lolote. Hapa Mchokozi utasema nani alizibwa?

Mchokozi Mkuu

Govender nakupa. Lakini Jaji Goldstone angejiuzulu kama Wacks alivyotaka... (najipinga mwenyewe, nimeona.)

Basi nibaki na watu kuwekwa ndani bila kushtakiwa. Natal, 1985, Askofu Mkuu Hurley alipata amri mtu aliyeshikiliwa chini ya sheria ya usalama wa ndani aachiwe, kwa kuwa polisi lazima awe na sababu halisi, si kusema tu "naamini". Mahakama ya Rufani ikaafiki 1986. Mnashangilia? 1987, kesi ya Omar, mahakama hiyohiyo ikaruhusu kanuni za hali ya hatari zimnyime mfungwa wakili na nafasi ya kusikilizwa. Waliobaki ndani bila kushtakiwa hawakuona faida yoyote.

Bi Mwanasheria wa Bara

Ni kweli, Omar ilikuwa pigo. Lakini Port Elizabeth Septemba 1985, Dk. Wendy Orr, daktari wa serikali aliyekuwa akikagua wafungwa wa dharura, alipeleka kiapo na kumbukumbu zake za majeraha, mahakama ikawazuia polisi kupiga wafungwa wa magereza yale. Haikumaliza mateso nchini. Ilichofanya ni kuweka kwenye jalada la wazi, lenye muhuri wa mahakama, jambo ambalo kuliandika gazetini lingekupeleka jela. Kiapo kikishasomwa mahakamani, mwandishi wa habari anakiripoti.

Mlipa Karo

Nani alilipa, wapendwa? Kesi za kisiasa zililipiwa na mfuko wa kasisi Canon Collins wa London, Defence and Aid, uliopigwa marufuku Afrika Kusini 1966. Fedha zikapita kwa mawakili wa London, ziende kwa mawakili wa kule kama ada ya kawaida, na mpokeaji hajui chanzo. Legal Resources ilipata za wafadhili wa Marekani, Ford, Carnegie na Rockefeller, hadharani. Swali langu kwa Kifungu: mfadhili wa wazi hawezi kuchagua kesi "safi" akaacha za waliopigana kwa bunduki?

Kifungu cha Kumi

Anaweza, na kwa sehemu ndivyo ilivyokuwa: mwenye dompas hapa, mshitakiwa wa uhaini kule. Lakini sheria ya kibali cha kuishi mjini ilifutwa 1986, na aliyeiua si jaji. Walioiua ni wale waliokwisha kuhamia, walioleta wake zao baada ya Komani, wakajenga vibanda nyuma ya nyumba, wakawa wengi kuliko karani angeweza kuwahesabu.

Dirisha Namba 3

Na kila mmoja wao alikuwa na bahasha ya karatasi chini ya godoro: nakala ya hukumu, barua ya mwajiri, picha mbili. Polisi akibisha hodi saa kumi usiku, hiyo ndiyo anayoonyeshwa kwanza.