HackRF na PortaPack: muziki wa FM umeingia kwenye masafa ya ndege, na geti halisikii rekodi

mkaguzi_sinza

Wakuu habari za leo, na shikamooni wakubwa.

Nina HackRF One ya Kichina (SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu, inapokea na kurusha) yenye PortaPack H2 (skrini na vitufe vya kuitumia bila kompyuta), ndani kuna famwea ya Mayhem. Nipo Sinza, ghorofa ya tatu. Mambo mawili yananishinda.

La kwanza: nikienda masafa ya ndege, 118 hadi 137 MHz, nasikia muziki wa redio badala ya marubani. Kwenye skrini vilima vimejaa kila upande.

La pili: nina kazi ya kukagua geti la umeme la mteja huko Mbezi Beach, ruhusa ya maandishi ninayo. Nimenasa rimoti yake kwa Capture (programu ya kurekodi) kwenye 433.92 MHz, nikarusha rekodi kwa Replay. Geti kimya, hata taa yake haiwaki.

Mipangilio: AMP (kikuza mawimbi cha mlangoni) imewashwa, LNA 40, VGA 40 (vikuza vya ndani, kwa dB), kasi ya kunasa 2.5M (sampuli milioni 2.5 kwa sekunde) kwa muundo wa C16. Antena ni ya ruta ya zamani ya Wi-Fi. Kadi ya memori ya GB 8 iliyotoka kwenye simu.

Je, kifaa kimekufa? Au nichukue Flipper Zero (kile kifaa kidogo cha kujaribu rimoti) yaishe?

---

antena_kwanza

Mkuu, usitoe hela bado. Fungua hiyo antena uitazame kitako chake katikati. Ukiona sindano, sawa. Ukiona tundu, hiyo ni RP-SMA (kiunganishi cha SMA kilichogeuzwa), na HackRF nayo ina tundu. Tundu kwa tundu hakuna kinachogusana: inafunga vizuri, inakaa imara, lakini kwa ndani haijaunganika. Antena nyingi za ruta ziko hivyo. Na hata ingegusa, imekatwa kwa ajili ya 2.4 GHz.

Sasa huo muziki. HackRF haina kichujio cha kuchagua bendi moja moja. Kwa masafa ya chini ya takriban 2.1 GHz mlangoni kuna kichujio kimoja tu kinachopitisha vyote vya chini, kwa hiyo ukiwa unasikiliza 125 MHz, vituo vyote vya FM vya Dar vinaingia pamoja nawe. Kigeuzi chake ni cha biti 8, yaani nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na ndogo kabisa ni kama dB 48 tu. AMP ikiwa juu na LNA 40, FM inakijaza chote, na mawimbi yanaanza kuzaana humo ndani. Unachosikia ni mizuka, hakipo hewani.

Jinsi ya kuutambua mzuka: shusha LNA hatua moja, ambayo ni dB 8. Kituo halisi kitashuka 8. Mzuka unashuka zaidi ya hapo, mara nyingi unapotea kabisa. Jaribu hivyo kabla ya kuamini kilima chochote kwenye skrini yako.

Anza na AMP 0, LNA 16, VGA 16. Panda LNA kwanza, hatua moja moja, na usimame pale ambapo sakafu ya kelele inapanda bila mawimbi yako kupanda nayo. AMP iguse mwisho kabisa, na ukiwa mbali na mji. Kwa Sinza, kichujio cha kuzuia 88–108 MHz ni lazima kwa masafa ya ndege. Ni kijibomba kidogo chenye SMA pande mbili, kinakaa kati ya antena na kifaa. Na kumbuka kuchagua AM. Marubani hawatumii FM.

Urefu wa antena ya robo wimbi: gawa 7500 kwa MHz, jibu ni sentimita. Kwa 433.92 ni sm 17.3, kwa 125 ni sm 60, kwa 1090 ni sm 6.9. Ile ya kuvuta kama ya redio ya mkulima inakufanyia zote, ukiivuta kwa rula na sio kwa makadirio.

Tahadhari moja ambayo watu wanaijua wakiwa wameshachelewa: mlango wa antena unavumilia -5 dBm tu (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Redio koli ya mlinzi yenye wati 5 (37 dBm) kwenye 150 MHz, ikiwa mita 20 kutoka kwako bila kizuizi, inakuletea -5 dBm hiyohiyo. Yaani mlinzi akibonyeza getini wakati wewe umekaa kibarazani, upo ukingoni. Akikusogelea, chipu ya AMP ndiyo inayotangulia kufa. Dalili zake: ukiwasha AMP, mawimbi yanashuka badala ya kupanda.

---

biti_24

Nijibu la geti.

Kwanza ondoa wasiwasi wa kristali, ile inayoshika masafa ya kifaa. HackRF ya kawaida inaweza kukosea hadi 20 ppm (sehemu 20 kwa milioni), na kwa 433.92 hiyo ni karibu kHz 8.7. Lakini ukinasa na kurusha kwa kifaa kilekile, kosa linajifuta lenyewe: ulikosea kwenda na utakosea kurudi kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo tatizo lako lipo kwenye rekodi, kwenye nguvu, au kwenye aina ya rimoti.

Rekodi. 2.5M kwa C16 ni baiti 4 kwa kila sampuli, yaani MB 10 kila sekunde. Kadi ya zamani ya daraja la 4 inahakikisha MB 4 tu. Sampuli zinadondoka, na skrini ya Capture inakuonyesha asilimia yake wakati unarekodi. Ikitoka sifuri, rekodi hiyo itupe. Rimoti haihitaji upana wote huo. Weka 500k, ambayo ni MB 2 kwa sekunde, na kadi mpya ya daraja la 10 iliyofomatiwa FAT32. Faili la .TXT linaloandikwa pembeni ya rekodi usilifute, humo ndimo Replay inasoma masafa na kasi.

Umbali. Usibandike rimoti kwenye antena. Kaa mita 1 hadi 2, bonyeza sekunde 2, achia, subiri sekunde 1, bonyeza tena. Rimoti ya mW 10 kwa mita 1 inafika ikiwa kama -15 dBm, hiyo ni kubwa mno kwa LNA 40 uliyoweka.

Aina. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Funua rimoti usome chipu. EV1527 inatuma biti 24: 20 ni namba yake, 4 ni kitufe, na hazibadiliki milele. PT2262 ni kaka yake mkubwa, ina swichi au vituo vya kuunganisha kwa risasi, hali tatu kwa nafasi 12. Zote mbili rekodi safi inazifungua. HCS301 na wenzake wa KeeLoq (namba ya kuzunguka) ni habari nyingine: biti 66, kati yake 32 zimefichwa na zinabadilika kila ukibonyeza, kwa sababu ndani kuna kihesabu. Kipokezi kikishasikia namba fulani hakiikubali tena. Ukirekodi mbele ya geti linalosikia, rekodi yako imekufa kabla hujabonyeza Replay. Kimya ulichokipata kinaweza kuwa jibu zuri kwa mteja wako.

Bila kufunua, tazama mapigo kwenye kompyuta:

`hackrf_transfer -r geti.cs8 -f 433700000 -s 2000000 -a 0 -l 16 -g 16`

Nimeweka 433.7 makusudi. HackRF ina mwiba katikati ya skrini ambao ni wake mwenyewe, ukiweka 433.92 kamili, rimoti inaukalia. Fungua faili kwenye inspectrum au Universal Radio Hacker. EV1527 ikiwa na pigo fupi la mikrosekunde 350 utaona hivi: moja ni pigo refu (mara 3) na pengo fupi, sifuri ni kinyume chake, kisha pengo kubwa la mara 31 kati ya fungu na fungu. Fungu zima linachukua karibu milisekunde 45 na linarudiwa muda wote ulioshika kitufe. Bonyeza mara tatu tofauti, linganisha. Mafungu yakiwa pacha, ni namba ya kudumu. Sehemu moja ikibadilika na nyingine ikibaki, ni ya kuzunguka.

Kwenye PortaPack penyewe programu ya SubGhzD inaweza kukutajia aina. Ikisema Princeton, ndio hiyo familia ya PT2262 na EV1527.

---

kadi_na_kebo

Nyongeza fupi. Ukisasisha Mayhem, programu zilizoko kwenye folda ya APPS za kadi lazima ziwe za toleo lilelile. Ukibadilisha famwea ukaacha kadi ya zamani, nusu ya menyu haitafunguka na utadhani kifaa kibovu. Shusha furushi lote la kadi, nakili juu ya lililopo.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya kusasisha: shika kitufe cha DFU, bonyeza na uachie RESET, kisha achia DFU. Halafu:

`dfu-util --device 1fc9:000c --alt 0 --download hackrf_usb.dfu`
`hackrf_spiflash -w portapack-mayhem-firmware.bin`

Ikigoma kuonekana kwenye kompyuta, kebo. Kebo nyingi za Kariakoo ni za chaji tu, nyaya za data hazimo. Badilisha kebo kabla ya kumlaumu mtu.

---

upepo_wa_upanga

Suala la Flipper: ile sio SDR. Ndani kuna CC1101, inafanya 300–348, 387–464 na 779–928 MHz basi. Kwa rimoti ni nyepesi na haraka, lakini ndege, meli, satelaiti, hazimo. Usinunue kwa kudhani inachukua nafasi ya HackRF.

Kama bajeti ipo ya kitu kimoja, ongeza RTL-SDR Blog V4, ni kama dola 30 hadi 40 kabla ya usafiri na ushuru. Inapokea tu, hairushi, na hiyo ndiyo raha yake: huwezi kukosea ukarusha. Kristali yake ni 1 ppm, na kwa kusikiliza mji wenye kelele kama huu inaishinda HackRF kwa kuwa ina vichujio mlangoni. Kasi ya 2.4 MS/s (sampuli milioni kwa sekunde) inakaa imara, ukipandisha 3.2 inadondosha. Windows inataka Zadig (programu ya kuweka draiva), na V4 inataka draiva mpya ya RTL-SDR Blog, la sivyo utakuta imekaa kama kiziwi. Linux, zuia `dvb_usb_rtl28xxu` isiikamate kwanza. Kwa geti lako `rtl_433 -f 433.92M -A` inakupa vipimo vya mapigo moja kwa moja.

Kwa burudani, Dar ni pazuri. Ndege zinatangaza mahali zilipo kwenye 1090 MHz, zifungue kwa dump1090: antena ikiwa juu mita 10 na ndege mita 10,000, upeo wa macho ya redio ni kama km 425. Kama mnara wa simu upo jirani, weka kichujio cha 1090. Meli nazo hutangaza kwenye 161.975 na 162.025 MHz: hapo usitegemee makubwa. Antena ya mita 20 hapa na ya mita 15 chomboni ni km 34. Boti ya Unguja utaifuata hadi karibu nusu ya safari, kisha inapotea kwenye ramani. Haijazama. Picha za hali ya hewa za NOAA 15, 18 na 19 sahau, zilizimwa 2025; waliobaki ni Meteor-M N2-3 na N2-4 karibu na 137.9 MHz, fungua kwa SatDump, antena ya V yenye mikono ya sm 53 na pembe ya digrii 120.

Wa Kigamboni na Masaki: chumvi inakula SMA. Kifuniko cha mpira kila ukimaliza.

---

karani_wa_masafa

Mkaguzi, ruhusa ya mteja inakufikisha kwenye geti, haikufikishi hewani. Kurusha na kumiliki vifaa vya kurusha kunasimamiwa na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa, pia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Waulize TCRA kabla ya kazi, uandike jibu lao kwenye faili la mteja.

Kitaalamu, HackRF inatoa hadi 15 dBm kwenye masafa hayo. Weka atenyueta (kipunguza nguvu) ya dB 20 hadi 30 kati ya kifaa na antena na usogee hadi mita moja ya kipokezi. Geti linafunguka, jirani hasikii. Menyu za Mayhem za kubana masafa (kuziba mawasiliano ya wengine) na za GPS usiziguse hata kwa utani, 1575.42 MHz ya GPS inatumiwa na ndege zinazopita juu ya kichwa chako kuelekea uwanja wa Nyerere.

---

mkaguzi_sinza

Asanteni wakuu. Antena ina tundu, kweli. Nimeweka ya kuvuta kwa sm 17, LNA 16, VGA 16, AMP 0, kasi 500k, kadi mpya. Zilizodondoka: sifuri. Rimoti tatu za mteja, kila moja biti 24, na kila rimoti inarudia zilezile mara zote. Kuhusu masafa ya ndege, LNA 24 muziki ulikuwepo bado, 16 umetoweka. Nitaagiza kichujio.

Bado sijarusha, nasubiri jibu la TCRA. Kwa ripoti, nipendekeze nini? Anataka abaki na mota ileile.

---

biti_24

Mota ibaki. Abadilishe kipokezi tu: kipo cha nje cha namba ya kuzunguka, cha V 12–24, nyaya mbili za umeme na mbili za relei zinazoingia kwenye vituo vya swichi ya kubonyeza vya bodi ya mota. Relei iwekwe ya kugusa na kuachia, isiwe ya kushika, la sivyo geti litabaki limeamriwa muda wote.

Kisha wafute memori ya kipokezi cha zamani kwenye bodi, kwa kawaida ni kushika kitufe cha kujifunza hadi taa izime au iwake mfululizo, soma kijitabu chake. Hapa mafundi wengi wanaruka. Kipokezi kipya kinafungwa, cha zamani kinaachwa kinasikia, na rimoti iliyopotea mwaka juzi inaendelea kufungua. Jaribu rimoti zote tatu za zamani baada ya kazi. Kila moja inatakiwa ikae kimya.

Biti zenyewe usiziandike kwenye ripoti. Andika aina ya chipu na idadi ya biti, inatosha.