Mjadala: Asili ya wanyama wenye mfuko ni China au Amerika?

Mleta mada: Bado kuna wanaomtaja Sinodelphys, mnyama mdogo wa visukuku wa Liaoning, China, wa miaka milioni 125, kuwa mkongwe wa ukoo wa kangaruu na oposumu. Hivyo ndivyo alivyotangazwa mwaka 2003. Mwaka 2018 watafiti walimpima upya pamoja na Ambolestes, kisukuku kingine, wakamhamishia kwa wenye kondo la nyuma, yaani ukoo wetu sisi binadamu. Akitoka yeye, wakongwe wanaobaki ni wa miaka milioni 110 hivi, nao ni wa Amerika Kaskazini. China ifutwe.

Mchangiaji wa 2: Polepole, mkuu. Sinodelphys aliwekwa huko kwa mifupa ya kiganja na kifundo, na mifupa hiyo hufinyangwa upesi na maisha ya kupanda miti. Hapo sikupingi. Lakini Asia ina Deltatheridium, kisukuku cha Mongolia. Fungua kinywa cha oposumu: kila upande wa taya una magego madogo 3 na makubwa 4, na linalong'oka likaota jipya ni moja tu, dogo la tatu. Mwaka 1998 ilielezwa taya ya Deltatheridium mchanga, nayo inabadilisha gego hilohilo. Kwangu hilo lina uzito kuliko vifundo kumi.

Mleta mada: Huyo ni wa mwishoni mwa Kretasia, enzi ya mwisho ya dinosauri. Anaonyesha walifika Asia, si kwamba walianzia huko.

Mchangiaji wa 3: Panga hilo linakukata na wewe. Juramaia wa China, aliyewekwa upande wa wenye kondo, ana miaka milioni 160. Matawi mawili hutengana siku moja, kwa hiyo tawi la pili lilikuwapo tayari na kwa miaka milioni 50 hatuna hata jino lake. Halafu mnachanganya majina: Deltatheridium ni Metatheria, ukoo mpana, lakini hayumo katika Marsupialia, yaani walio hai na kizazi chote cha babu yao wa pamoja. (Mfuko wenyewe si kipimo, Monodelphis, oposumu mdogo, hana.) Ukiuliza wa Australia walitoka wapi, ni Amerika Kusini kupitia Antaktika, mara moja. Jeni za kurukaruka (vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine) zilizolinganishwa mwaka 2010 zilimwacha monito del monte, mnyama mdogo wa Chile mwenye mfuko, nje ya kundi la wa Australia, jirani kabisa.

Mchangiaji wa 2: Mara moja? Murgon, Queensland, kwenye tabaka la miaka milioni 55, kuna magego ya Chulpasia, jenasi iliyojulikana kwanza Peru. Yapangie nafasi hayo kwanza.