Mdogo wangu amepitwa na umri kwa siku tano, sasa hataki tena kukimbia

MwanaLikoni – Oktoba 27, 2020

Assalam aleikum nyote. Naomba ushauri wa dhati, maana jambo hili limetukalia vibaya nyumbani.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, na mbio zake ni mita 800. Mimi si kocha wa kusomea, ni kakake tu, lakini tangu yuko kidato cha pili ndiye ninayemshikia saa. Mwaka huu alikuwa na lengo moja: mchujo wa timu ya vijana wa chini ya miaka 20, kwa kuwa mashindano ya dunia yalikuwa yaje hapa kwetu Kenya, uwanja wa Kasarani, Nairobi, mwezi wa Julai. Machi 15 likatoka tangazo la kufunga shule kwa ajili ya korona, na riadha ya shule ya muhula wa kwanza ikakatika hapo hapo.

Hatukukata tamaa. Kafyu ilipokuwa ikiisha saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja na dakika kumi tuko njiani kuteremka ufuoni Shelly, barakoa mfukoni kwa kuogopa faini ya shilingi 20,000. Ila ufuo una mwenyewe. Siku za bamvua, alfajiri ile maji yamejaa, hakuna pa kukanyaga, basi tunarudi kuruka kamba uani. Maji yakipwa, mchanga unashikana, anakimbia vizuri kabisa. Miezi mitano tulikuwa tukisoma maji kama wavuvi, na kila zoezi liko kwenye daftari.

Kisha tukasikia mashindano yamesogezwa hadi Agosti 17–22, 2021. Tulifurahi sana. Aliyepiga hesabu ni yeye mwenyewe: ukitimiza miaka 20 kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano, huruhusiwi. Yeye kazaliwa Desemba 27, 2001. Angezaliwa Januari mosi angekuwa ndani. Alifunga daftari, akalala mchana kutwa.

Hiyo ilikuwa Agosti. Tangu hapo njumu zake zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa upepo huu wa chumvi meno yote yameota kutu. Oktoba 12 karudi shule, KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni Machi. Nikimgusia mazoezi ananiambia, "Kaka, nilikuwa nakimbilia nini?" Sina jibu. Kuna jamaa ananishauri nimpeleke Iten, kule bara kwenye kambi za wanariadha. Nimlazimishe, nimpeleke, ama nimwache?

UpepoWaKusi

Pole sana, ndugu. Kinachoniuma ni kwamba ilikuwa inawezekana. Kwenye mpira wa wanaume wa Olimpiki ya Tokyo, waliozaliwa 1997 wameruhusiwa kucheza mwaka ujao ingawa watakuwa na miaka 24, kwa sababu mashindano ndiyo yaliyosogezwa. Riadha ya vijana imebaki na kanuni yake ile ile, wa 2001 wote wametoka, wa 2005 wameingia. Mwambie hilo dada, ajue si mwili wake uliomwangusha wala si uvivu.

BiKibokoni

Mwanangu, mimi ni mama wa Mji wa Kale. Mwezi wa Mei walipotufungia mtaa mzima, binti yangu alikuwa kila siku anaambiwa na watu "vumilia, yatapita", na kila akiambiwa hivyo anazidi kunyamaza. Alianza kula vizuri siku nilipokaa naye kitandani nikamwambia, "umepoteza kitu, na mimi naona." Wewe umempangia mdogo wako hata ratiba ya kupwa na kujaa. Siku ya kuhuzunika hukumpangia. Kaa naye kwanza, usiende na saa wala daftari. Haya ya Iten yatangoja.

ChumaChangamwe

Kwa heshima zote mama, huzuni haishindi mbio. Hapa Pwani mashindano ni ya kuhesabu. Mtihani ukiisha tu apande gari, akakae na wenzake wanaokimbia kila asubuhi.

MwalimuWaUwanja

Nimefundisha riadha shuleni miaka mingi, niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Chuma, Iten siikatai, lakini si sasa, na si kwa binti wa miaka 18 asiye na mwenyeji kule. Ile Machi kambi zilipofungwa na mazoezi ya makundi kupigwa marufuku, wengi walibaki na kodi ya chumba bila mbio za kuwalipia. Akamilishe KCSE. Majeshi, polisi na magereza huajiri wanariadha, na vyuo vya Marekani huangalia muda wa mbio pamoja na alama za darasani.

Kuhusu umri, wanawake wengi wa mita 800 hufika kileleni katikati ya miaka ya ishirini. Ngazi ya wakubwa haimuulizi mtu alizaliwa lini. Tazama Gdynia, Poland: nusu marathoni ya dunia ilikuwa iwe Machi 29, ikasogezwa hadi Oktoba 17, siku kumi tu zilizopita. Peres Jepchirchir, mama wa mtoto mmoja, kashinda kwa 1:05:16, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Na Oktoba 3 wamekimbia hapa kwetu, uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mashindano yanarudi.

Akikubali kuanza: miezi miwili amekaa, kwa hivyo mwezi na nusu asipimwe saa hata mara moja. Mbio nyepesi za nusu saa, mara tatu kwa wiki, za kuweza kuzungumza huku anakimbia. Ufuo umeinama upande wa bahari, mguu mmoja unaumia polepole bila yeye kujua. Apande feri aende Mama Ngina penye lami iliyo sawa. Kwenye feri barakoa puani, akianza kukimbia aishushe, kwa jasho la Mombasa inaloa na kumziba pumzi. Na chupa ya maji iwe yake peke yake.

MwanaLikoni – Novemba 1

Nimekaa naye jana baada ya isha. Bi Kibokoni, nimesema maneno yako yale yale. Alilia, mimi pia. Baadaye akasema atakimbia Jumamosi na Jumapili tu mpaka mtihani uishe, na saa niiache nyumbani. Nimekubali. Leo tumevuka na feri ya mapema, kakimbia dakika 20 akasema miguu mizito.

Mwalimu, mara mbili zinatosha? Na njumu, meno yameganda, ufunguo unazunguka bure.

MwalimuWaUwanja

Zinatosha kabisa. Meno ya njumu yatilie matone ya mafuta ya taa, yalale usiku kucha, asubuhi jaribu na koleo. Ukifunga meno mapya, tia grisi kidogo kwenye nyuzi zake kwanza.