Hala ya Ijumaa inachanika ubavuni na katikati inabaki mbichi, nakosea wapi?

JikoLaIjumaa

Wadau, habari zenu. Naoka mikate ya hala (mkate wa kusuka wa Kiyahudi) kila Ijumaa kwenye nyumba ya Kiyahudi inayoshika kosheri, yaani sheria zao za chakula, hapa Nairobi. Ni mikate miwili ya Shabati, siku yao ya mapumziko inayoanza Ijumaa jioni, kila mmoja wa kusuka kwa kamba sita. Vipimo: unga wa ngano kilo 1, hamira ya chembechembe gramu 14, sukari gramu 150, mayai 4, mafuta ya alizeti mililita 150, maji ya vuguvugu mililita 350, chumvi kijiko 1 cha chai. Unga unaumuka dakika 40 na kujaa bakuli. Nasuka, naacha dakika 20, napaka yai, naingiza kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 30.

Mkate unachanika ubavuni, kamba na kamba zinaachana na ndani panaonekana peupe. Juu unakuwa kahawia iliyokolea, lakini ukikata katikati kuna ukanda unaonata kwenye kisu.

Jambo la pili: wiki nyingine mama mwenye nyumba hukata kipande cha unga na kukisomea, wiki nyingine hakati. Nataka kuuelewa utaratibu nisije nikamharibia. Tena Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, inakaribia na ameomba hala ya duara, yenye asali na zabibu.

---

Ukili

Ndugu yangu, anza kwa kujumlisha vipimo vyako. Donge lako zima lina uzito wa karibu kilo 1.85. Ukilikata mara mbili, kila mkate una zaidi ya gramu 900. Mkate mzito hivyo, wenye sukari na mayai, hauwezi kuiva kwa dakika 30. Nyuzi 200 zinaunguza ganda wakati moto haujafika moyoni. Gawa donge mara tatu upate mikate ya gramu 600 hivi, uoke kwa nyuzi 175 hadi 180 kwa dakika 30 hadi 35. Ukitaka miwili mikubwa, shusha hadi 170 na uipe dakika 45; juu ikikolea mapema, funika kwa foili bila kuibana.

Ukiwa na kipimajoto, chomeka katikati ya mkate: nyuzi 88 hadi 90, umeiva. Usisubiri 96 au 98 zinazoandikwa kwa mikate isiyo na mayai wala mafuta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo moyo wa mkate hautafika huko, utakuwa unaukausha bure. Usipokuwa nacho, geuza mkate na ugonge chini kwa kifundo cha kidole, usikilize mlio wa kitu chenye uwazi ndani.

Mpasuko sasa. Mkate wako umeingia motoni kabla haujamaliza kuumuka. Ganda linakauka na kushika, gesi ya ndani bado inasukuma, na mahali pepesi pa kutokea ni pale kamba zinapokutana. Kwenye mwinuko kama wa Nairobi gesi hutanuka upesi, kwa hiyo dakika 40 zikijaza bakuli usidanganyike kwamba unga umekomaa. Punguza hamira hadi gramu 8. Umuaji wa kwanza uwe dakika 75 hadi 90. Baada ya kusuka, acha dakika 45 hadi 60, si 20. Jaribu hivi: bonyeza ubavu wa mkate kwa kidole chenye unga, kina cha nusu sentimita. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, ingiza. Lisiporudi kabisa umechelewa. Mkate utalala bapa.

Chumvi yako ni kidogo mno. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 6, na kilo ya unga inataka 18. Chumvi ndiyo inayoishika hamira isikimbie na kuukaza unga ili kamba zisilegee. Sukari nayo ishuke hadi 100, maana ndiyo inayokolezea ganda kabla ya wakati.

Kwa hiyo: unga kilo 1, hamira gramu 8, sukari gramu 100, chumvi gramu 18, mayai 3, mafuta mililita 120, maji mililita 360, na mengine 20 pembeni ya kuongeza kadiri unga unavyotaka. Kanda kwa mkono dakika 10 hadi 12, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio na lisishike meza. Tahadhari kuhusu unga: usichukue ule uliokwisha kutiwa baking powder.

Kusuka: kila kamba gramu 95 hivi, urefu sentimita 30, nene tumboni na nyembamba nchani. Zipitishe kwenye unga mkavu kidogo tu, ili mistari ibaki wazi mkate ukiiva. Zibane pamoja upande wa juu. Chukua kamba ya mwisho kulia, pitisha juu ya mbili, chini ya moja, juu ya mbili, nayo itaishia kushoto kabisa. Rudia, kila mara ukianzia kulia. Mkono uwe mwepesi. Ukiikaza kama ukili wa mkeka, itachanika hata ukiifanyia mengine yote sawasawa.

Yai la kupaka ni moja, lipige na kijiko cha maji na chumvi kidogo sana. Paka mara mbili, baada ya kusuka na tena kabla ya kuingiza, ndipo unyunyize ufuta. Lisituame kwenye mifereji kati ya kamba. Likikaukia hapo linazigandisha, na mkate ukitaka kupanda unachanika pembeni yake.

---

Chekecheo

Mkuu Ukili amemaliza habari ya moto. Mimi naongeza ya kosheri, maana katika nyumba hiyo mpangilio wa kazi una uzito sawa na vipimo.

Kile kipande kinachokatwa ndicho hala yenyewe. Mkate umepata jina kutoka kwake. (Mitandaoni utaona imeandikwa challah, hiyo ch isome kama kh ya "sabalkheri".) Amri iko katika kitabu cha Hesabu, sura ya 15: kutenga sehemu ya kwanza ya unga uliokandwa. Wajibu unafuata uzito wa unga mkavu. Chini ya kilo 1.2 hakitengwi kitu. Kuanzia hapo hutengwa bila kusoma baraka. Kuanzia karibu kilo 1.67 hutengwa kwa baraka, ingawa wapo wanaosubiri kilo 2.25 ndipo waisome. Muulize mama mwenye nyumba wao wanafuata kipi. Bila shaka wiki anazokata ni zile za wageni, ukikanda unga mwingi. Kwa kilo 1 hana sababu ya kukata.

Wakati wake ni baada ya umuaji wa kwanza, donge likiwa bado zima. Mwite kabla hujagawa, kwa sababu anayetenga ni Myahudi mwenyewe. Hukata kama gramu 30, hufunga kwa foili mara mbili na kukichoma mpaka kiwe mkaa, peke yake, mikate isiwemo ovenini. Ukikanda mara mbili kwa sababu bakuli ni dogo, weka madonge yote kwenye chombo kimoja yagusane na uyafunike kwa kitambaa kimoja; huhesabiwa pamoja. Ikitokea mmesahau na Shabati imeshaingia, hakuna kutenga siku hiyo. Nje ya nchi ya Israeli wanaweza kula na kubakiza kipande, kisha watenge kutoka kwenye hicho Shabati ikitoka. Mwambie mapema, asije akagundua mkate umekwisha.

Kabla ya kukanda, chekecha unga wote kwa chekecheo la matundu madogo sana. Mdudu ni haramu kabisa kwao, na unga uliokaa ghalani kwenye joto hupata wadudu upesi. Mayai, pasua moja moja kwenye glasi, litazame kwa mwanga kutoka chini na juu, ndipo ulimimine bakulini. Lenye doa la damu linatupwa zima. Ukilipasulia moja kwa moja kwenye unga, umeharibu unga wote.

Hala haina maziwa wala siagi, kwa sababu huliwa pamoja na nyama, na kwao nyama haichanganywi na maziwa. Chakula kisicho cha nyama wala cha maziwa wanakiita parve. Majarini nyingi zina maziwa ndani yake, kwa hiyo mafuta ya alizeti ndiyo salama. Pakiti yenye U ndani ya duara imekaguliwa. Ikifuatwa na D, ina maziwa au imepita kwenye mashine za maziwa, iweke kando. Trei na brashi ziwe za parve tu. Trei iliyochomewa kuku haifai hata ikisuguliwa vipi.

---

JikoLaIjumaa

Nashukuruni sana. Maswali mawili. Siku nyingine mama anatoka asubuhi; naweza kuwasha oveni mwenyewe? Na oveni ni ya gesi, moto unatoka chini tu, kitako kinataka kuungua.

---

Chekecheo

La kuwasha, usiwashe kabla yake. Mkate wa nyumbani kwao unatakiwa uwe na mkono wa Myahudi katika kuuoka, na kwa mkate inatosha yeye awashe moto au auongeze. Kabla hajatoka awashe oveni kwa moto mdogo na auache ukiwaka. Wewe baadaye unapandisha joto bila shida. Ukizimika ukiwa peke yako, usiwashe tena, mpigie simu. Vyakula vya sufuriani vina tofauti: Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) wanatosheka na kuwasha moto, Wasefaradi (wenye asili ya Uhispania) wanataka Myahudi mwenyewe aweke sufuria motoni. Ujue nyumba yako ni ya upande upi.

Na saa: Shabati inaingia kabla ya jua kuzama, mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Kwa Nairobi ni karibu saa 12 jioni mwaka mzima. Anza kukanda saa 4 asubuhi, mikate itoke kabla ya saa 9 alasiri.

---

Ukili

Moto wa chini: weka trei tupu kwenye rafu ya chini kabisa ikinge moto, na mkate rafu ya katikati juu ya trei mbili zilizopandana. Asiye na oveni aweza kutumia sufuria nzito, ya parve, yenye mchanga mkavu chini na makaa juu ya kifuniko, kama mkate wa kumimina. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

---

Asali_na_Ufuta

Nijibu la Rosh Hashana. Kwa donge la kilo 1, toa sukari yote uweke asali gramu 120, na punguza maji kwa mililita 20 kwa kuwa asali ina maji yake. Asali hukoleza ganda upesi kuliko sukari: oka kwa nyuzi 170, na foili iwe tayari kuanzia dakika ya 20.

Zabibu kavu gramu 150. Zikague moja moja, zilowekwe maji ya moto dakika 10, kisha uzikaushe kwa kitambaa mpaka zisilowanishe kiganja. Zikiingia na maji, kila zabibu inazungukwa na unga mbichi. Usizikande na unga, zinachana nyuzi zake. Gawa donge mara tatu. Kila moja litandaze liwe mstatili wa sentimita 45 kwa 12, panga zabibu katikati, kunja kama sambusa ndefu, bana mshono vizuri na uviringishe iwe kamba moja. Mshono uelekee chini. Zabibu iliyochomoza nje irudishe ndani. Ikibaki nje kwenye joto la oveni inaungua na kuwa chungu.

Zungusha kamba kama konokono, kuanzia ncha nene. Usibane mizunguko, acha nafasi ya unene wa kalamu, la sivyo katikati patainuka kama mnara na kupasuka. Ncha ya nje ifiche chini. Oka kwenye bati la duara la sentimita 20 ili isitapakae. Duara lina moyo mzito kuliko msuko, kwa hiyo ongeza dakika 8 hadi 10 na upime katikati kabisa, si pembeni.

Hizi za duara wengi huendelea nazo mpaka sikukuu ya Vibanda iishe, kwa hiyo muulize kama anataka uzigandishe mapema. Zikipoa kabisa, funga foili na mfuko, ziweke friza. Siku ya kula zitoe muda wa saa nne kabla ya kula, zikiwa bado zimefungwa.