Bango la dripu kwa mtoto anayeharisha: naombeni mnisahihishie hesabu

Zamu_ya_Usiku
Habari za jioni wakuu. Naandaa bango la kubandika kwenye chumba cha dripu cha zahanati. Msomaji wake ni muuguzi aliye peke yake usiku, mtoto ameletwa macho yamedidimia, ngozi ukiifinya inakawia kurudi, hanywi, amelegea. Mpaka sasa nimeandika hivi:

"Ringa lakteti (RL) 100 ml kwa kila kilo. Chini ya mwaka 1: 30 ml/kg kwa saa 1, kisha 70 ml/kg kwa saa 5. Mwaka 1 na zaidi: 30 ml/kg kwa dakika 30, kisha 70 ml/kg kwa saa 2 na nusu."

Nimekwama pale pale kwenye mambo matatu. Seti za dripu zimechanganyika, kuna za matone 20 kwa ml na zile za matone madogo 60. RL ikiisha, stoo kuna DNS (salaini yenye dekstrosi 5%, yaani sukari) nyingi. Niiandike kama mbadala? La tatu, mwenzangu anasema utafiti wa FEAST ulikataza kumpa mtoto maji kwa kasi, kwa hiyo bango zima halifai. Naombeni ushauri.

Tabibu_wa_Kata
Mkuu, dozi zako ziko sawa. Nianze na matone, maana hapo ndipo watoto wanapopunjwa maji bila mtu kugundua.

Kanuni: ml zidisha kwa matone ya seti, gawanya kwa dakika. Mtoto wa miezi 8, kilo 6, seti ya 20: 180 ml kwa dakika 60 ni matone 60 kwa dakika. Kisha 420 ml kwa dakika 300 ni matone 28. Hayo yanahesabika.

Sasa chukua mtoto wa mwaka 1 na nusu, kilo 10. 300 ml kwa dakika 30 ni matone 200 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Hapo fungua gurudumu lote na usimamie chupa: bandika plasta wima ubavuni, andika saa ya kuanza kwenye mstari wa maji, na saa ya kumaliza mahali maji yanapotakiwa kufika. Awamu ya pili, 700 ml kwa dakika 150, ni matone 93. Ukitumia seti ya 60 awamu ya kwanza inadai matone 600 kwa dakika, kitu kisichowezekana. Andika kwa wino mwekundu: SETI YA 60 SI YA KUFUFUA.

Kwa mtoto mdogo, mwaga ziada kabla ya kutundika chupa. Chupa ikibaki na 180 ml tu, hata muuguzi akiitwa chumba cha kujifungulia, mtoto hapati zaidi ya dozi. Ila seti isiachwe ikauke.

Mama_Famasi
DNS usiiandike kabisa, ndugu yangu. Ina chumvi ya kutosha, ndiyo, lakini pia ina gramu 50 za sukari kwa lita. Ukiikimbiza, sukari ya damu inapanda, figo zinaitoa kwa mkojo, na mkojo huo unaondoka na maji uliyokuwa unayarudisha. Dekstrosi 5% tupu ni mbaya zaidi: sukari ikishatumika yanabaki maji matupu, sodiamu inashuka, ubongo unavimba, mtoto anapata degedege.

Mbadala halali wa RL ni salaini (maji ya chumvi) ya 0.9%. RL inatangulia kwa sababu ini hugeuza lakteti kuwa bikaboneti, ambayo mtoto ameipoteza kwenye choo, tena ina potasiamu kidogo. Salaini haina vyote viwili, na kloridi yake ni 154 mmol kwa lita wakati ya damu ni kama 100. Inaokoa maisha, ila mpe ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) mapema zaidi.

Sukari ikishuka itibu peke yake: dekstrosi 10%, 5 ml/kg. Kama kuna ya 50% tu, changanya sehemu 1 na sehemu 4 za maji ya sindano.

Daktari_Watoto
Kuhusu FEAST, mwenzako amesoma matokeo akaruka ni watoto gani walioingizwa kwenye utafiti. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji ya kasi walikufa 10 hadi 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa, 7. Ni tofauti kubwa, na inatuhusu sisi hasa. Lakini watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Aliyekaushwa na kuhara amepoteza maji yenyewe, lazima yarudi. Aliyelegea kwa malaria hajapoteza. Kwa hiyo weka kichwa kikubwa juu: KWA KUHARISHA TU.

Zamu_ya_Usiku
Asanteni sana. Mwenye utapiamlo mkali naye anaharisha, nimweke wapi?

Daktari_Watoto
Kwenye bango lake la pembeni, lenye rangi nyingine. Kama hana shoku (damu kushindwa kufika vizuri mwilini), hapewi dripu kwa ajili ya maji. Anapewa ReSoMal (ORS maalumu ya wenye utapiamlo) kwa mdomo au mpira wa puani. Akiwa na shoku ni 15 ml/kg kwa saa 1, ya RL yenye dekstrosi 5%: toa 50 ml kwenye chupa ya 500, rudishia 50 ml za dekstrosi 50%. Hesabu pumzi na mapigo kila dakika 5 hadi 10. Vikipanda vyote viwili, simamisha. Moyo wake umeshindwa kuyabeba.

Tabibu_wa_Kata
Ongeza na haya. Mapigo ya mshipa wa kiganjani yakiwa bado hafifu baada ya zile 30 ml/kg, rudia mara moja. Akiweza kunywa, ORS 5 ml/kg kila saa dripu ikiendelea. Mshipa wa kuwekea dripu usipopatikana, mpira wa puani: ORS 20 ml/kg kwa saa, kwa saa 6, huku mkitafuta gari la rufaa. Akitapika sana au tumbo likijaa, punguza kasi.

Mama_Famasi
Na seftriaksoni (antibayotiki ya sindano) isipite kwenye mpira wenye RL. Kalsiamu ya RL inaganda nayo kuwa chembe. Kwa mtoto wa chini ya siku 28 hata mishipa miwili tofauti haikubaliki. Tafuteni dawa nyingine.