Dev wa mchezo wa bandari katuona watoto: 0.9, halafu 0.10, halafu "namba ni hisia tu"!

Gati_Namba_Mbili (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kusoma jibu la yule bwana mtengenezaji sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua wote. Mchezo wa bandari, ule wa makontena na majahazi, ule tuliounga mkono kwa hela zetu tangu hauna hata sauti.

Bwana yule kaniambia mbele za watu: "Kaka, namba ni hisia tu."

Namba. Ni. Hisia. Tu.

Kwa wageni: tulikuwa na toleo 0.9.4. Ikaja 0.9.5, sawa. Ikaja 0.9.5b. Ikaja 0.9.5b-mpya, ikaja 0.9.5b-mpya-mwisho, ikaja 0.9.5b-mpya-mwisho-kweli, ambayo haikuwa ya mwisho wala haikuwa ya kweli. Jana usiku ikashuka 0.10. Nikaunga bando, nikapakua, nikafungua bandari yangu. Skrini nyeusi, maandishi mekundu katikati: "Faili hili limetoka toleo la mbele zaidi. Haliwezi kufunguliwa."

La mbele zaidi! Yaani programu imeisoma 0.10 kama desimali, ikaona 0.9 ni kubwa kuliko 0.10, ikaamua kwamba mimi na bandari yangu tumetoka mwaka 2090. Ile nukta si ya desimali, jamani! Kila upande wa nukta unahesabiwa peke yake: tisa, kumi, kumi na moja. Wale wa mchezo wa Factorio walitoka 0.9 wakaingia 0.10, wakaenda hivyohivyo mpaka 0.18, na hakuna aliyeambiwa katoka siku zijazo.

Bandari yenyewe ina gati la mafuta nililolipanga na mdogo wangu likizo nzima. Ina reli inayozunguka nyuma ya maghala bila treni kugongana, na kreni zote ni kijani kwa sababu yeye ndiye aliyechagua rangi. Faili lipo kwenye diski, naliona kwa macho yangu, na programu inaniambia eti bado halijatengenezwa.

Nikaenda kwenye kundi lao nikauliza kwa adabu kabisa: mkuu, mnapanga namba kwa utaratibu gani, ili tujue lini sevu zetu, yaani michezo tuliyohifadhi, zinakufa? Jibu: "Kaka, namba ni hisia tu. Nikihisi umekua naiongeza." Na chini yake emoji inayocheka mpaka machozi.

Umekua? Ni mhogo?

Utaratibu upo, umeandikwa, ni bure, wala haujafichwa kabatini. Namba ya kwanza ikibadilika ujue vya zamani vinavunjika. Ya pili ikipanda kuna vipya, lakini vya zamani vinafanya kazi. Ya tatu ni kurekebisha kasoro. Na ndiyo, utaratibu huohuo unasema namba ya kwanza ikiwa bado sifuri lolote laweza kubadilika muda wowote. Nakubali! Basi andika mstari mmoja: sevu za 0.9 hazifunguki. Mstari mmoja! Na kama hutaki utaratibu wa watu, tunga wako uusimamie. Wale ndugu wa mchezo wa Dwarf Fortress, Tarn na Zach Adams, namba yao ilikuwa na maana tangu 2006: ikisoma 0.40, ikisoma 0.44, ikisoma 0.47, ilikuwa inakwambia wamefika wapi kwenye orodha ya mambo waliyopanga kabla ya 1.0, yaani toleo kamili. Walipoingia duka la Steam Desemba 2022 wakaitupa sifuri ya mbele wakaanzia 50, na watu wakaelewa. Mzee Donald Knuth akirekebisha TeX, programu yake ya kupanga maandishi ya vitabu, anaongeza tarakimu moja ya pai: 3.14, 3.141, 3.1415, hivyohivyo miaka yote. Hata hilo ni utaratibu! Ukiziona namba mbili unajua ipi ni mpya.

Wetu ana hisia.

Tena sisemi habari ya hela. Nasema habari ya mtu kucheka. Kazi ya mwenzako imekufa, anakuuliza imekufaje, wewe unaweka emoji ya kucheka!

Kigingi_78

Nimevuta kiti. Povu la leo linafua mashuka ya hospitali nzima.

JembeButu

Mleta uzi, hukuweka nakala? Mtu mzima anakopi folda kabla ya apdeti. Uzi ufungwe.

Gati_Namba_Mbili

Nakala ninayo! Nimeifungua, nayo imeambiwa imetoka mbele. Nikiweka nakala mia zitakataliwa zote mia, kwa sababu zote ni 0.9 na yeye kahisi 0.10. Soma kabla ya kujibu.

BintiWaKilindini

Pole kakangu. Mimi yule mtu nimemvua uaminifu tangu aseme 1.0 yaja Desemba. Tukauliza Desemba ya mwaka gani. Hadi leo anahisi.

Ustaadh_Pikseli

Mnamwonea. Jamaa yuko peke yake: anaandika msimbo, anachora, anatunga muziki, anajibu watu usiku wa manane. Na namba za michezo zilikuwa vurugu kabla yake. Minecraft ilitoka Beta 1.8, yaani ya majaribio, ikaja kuwa 1.0 mwaka 2011, yaani kwa macho ya kawaida ilishuka. Kerbal Space Program ilitoka 0.25 ikaruka mpaka 0.90 Desemba 2014, hapo katikati hamna kitu. RimWorld ilikuwa Alpha 17, lililofuata likaitwa Beta 18, wala hakukuwa na Beta 1. Hata hiyo Factorio unayoisifia haikufika 0.19, ilitoka 0.18 ikatua 1.0 Agosti 2020. Mbona hamkulia?

Gati_Namba_Mbili

Kwa sababu waliruka wakiwa wamevaa nguo! Beta iliandikwa Beta, watu wakajua hiyo ni ngazi nyingine. Kurukia 0.90 ni kusema tumekaribia kumaliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa akajibu "namba ni hisia". Hilo ndilo jambo lenyewe, msinihamishe.

Kigingi_78

"Waliruka wakiwa wamevaa nguo" 😂 naiweka kwenye sahihi yangu.

Wa_Mtaa_wa_Nyuma

Afadhali hiyo ya Factorio. Walipanga 1.0 iwe Septemba, wakaivuta mbele mpaka Agosti ili wasigongane na mchezo wa Cyberpunk 2077. Halafu Cyberpunk wenyewe wakaahirisha mpaka Desemba. Ukikimbia mvua.

Msimbo_Mbichi

Natengeneza michezo ya simu, niseme kidogo. Kule Google Play kila toleo lina namba mbili. Moja ni maandishi ya kuonyesha watu, hapo andika unachotaka, hata "embe dodo". Ya pili ni ya ndani, namba kamili, haina nukta, na lazima ipande kila unapopakia. Isipopanda, mzigo unakataliwa hapohapo. Hiyo ya ndani ndiyo inayotumika kujua kipi kimetangulia. Bwana yule angeihifadhi namba ya aina hiyo ndani ya sevu, angehisi anavyotaka kule nje na hakuna ambaye angelia. Hata kama hana duka linalomlazimisha, ni mstari mmoja wa msimbo.

Gati_Namba_Mbili

ASANTE. Mstari mmoja. Badala yake emoji.

Otis_wa_Umoja

Buda, sikiza. Fungua hiyo sevu na notipadi. Line ya kwanza iko na version, imeandikwa 0.9.5. Badilisha iwe 0.09.5, sevu tena, uwashe game. Kwangu imeingia.

BintiWaKilindini

Kwangu pia imefunguka, ila meli zote zimeegeshwa juu ya maghala.

JembeButu

Hizo si meli, ni hisia.

Gati_Namba_Mbili

Imefunguka. Gati lipo, reli ipo, kreni ni kijani. Shukrani Otis, Mungu akubariki. Lakini msifikiri yameisha! Kwa nini mchezaji afungue faili kwa notipadi na kuongeza sifuri kwa mkono ili kumsaidia mtengenezaji kuhesabu? Namwandikia tena sasa hivi, na safari hii namtaka aniambie ni hisia gani hasa aliyoihisi kati ya tisa na kumi.

Ustaadh_Pikseli

Wewe ulikuja kwa ajili ya sevu, sevu imepatikana. Kalale.

Gati_Namba_Mbili

Nilikuja kwa ajili ya "namba ni hisia". Rudi juu usome.

Toleo_la_Awali

Ninyi mna bahati, kwenu inapanda inashuka, angalau inatembea. Mchezo wangu mimi umekaa "toleo la awali" tangu 2016. Sifuri nukta tatu. Kila mwaka tunaletewa kofia mpya za wahusika, namba ileile. Nilinunua nikiwa mwanafunzi, sasa nina kitambi.

Kigingi_78

Kitambi ndiyo 1.0 yako.

Mzuka_wa_Sinza

Mimi simlaumu mtu wa namba, namlaumu mtu wa uzito. Juzi nimepakua apdeti ya MB 900. Nikasoma mabadiliko: "tumerekebisha rangi ya kitufe." MB 900 kwa kitufe! Bando la wiki likaisha hapohapo, nimekaa siku zilizobaki naomba wifi kwa jirani.

Otis_wa_Umoja

Nyinyi wa Bongo si mko na bando za bei rahisi? Mnalia nini? Huku ukinunua ya saa moja, dakika kumi zinaisha kabla game ifike kwa login.

Mzuka_wa_Sinza

Nani kakudanganya? Bei rahisi wapi? Njoo huku ununue la usiku, uamke saa tisa kupakua, ukute umeme hakuna.

Wa_Mtaa_wa_Nyuma

Umeme msiuguse. Mwenye uzi wa umeme yuko jukwaa la pili, una kurasa kibao na bado unaenda.

Msimbo_Mbichi

Kuhusu uzito: mara nyingi ni kwa sababu wanafunga vitu vyote kwenye faili moja kubwa. Ukigusa kitufe, faili lote linahesabika limebadilika, unalishusha lote upya. Wakiyagawa mafaili tatizo linapungua sana.

Mzuka_wa_Sinza

Sasa wewe mbona unajua kila kitu na mchezo wako wa bodaboda hauna hata breki?

Msimbo_Mbichi

Breki zinakuja 0.3.

Gati_Namba_Mbili

Wakuu, kajibu. Kaandika hivi: "0.11 inakuja wiki ijayo, itakuwa na hisia nzuri zaidi." Mnaona? MNAONA?

BintiWaKilindini

Tumeona. Otis, hebu rudi: hizo meli nazishushaje juu ya maghala?

Otis_wa_Umoja

Futa ghala moja, meli inaanguka kwa maji yenyewe. Usifute zote at once, game itajam.

Toleo_la_Awali

Wakati mpo hapa, nauza padi ya kuchezea. Ina waya. Elfu ishirini na tano, nipo Mbagala. Kitufe cha pembetatu kinabana kidogo.

Kigingi_78

Kidogo kiasi gani?

Toleo_la_Awali

Ukikibonyeza kwa nguvu kinaitika.

Kigingi_78

Kila mara?

Toleo_la_Awali

Inategemea.

Kigingi_78

Kimekufa hicho. Elfu kumi, na unaniletea mpaka Tandika.